Kiwiko cha Fundi

Fundi cherehani alikuwa na dirisha pana lililotazama barabara. Ng'ambo ya barabara wifi yake, mdogo wa mumewe, alikuwa amefungua kibanda chake cha kushona. Kazi alifundishwa na Fundi huyo huyo. Sasa wateja walimiminika kwake, na roho ya Fundi ilikuwa juu juu.

Kila akipata nafasi, aliegemeza kiwiko cha kushoto kwenye ukingo wa saruji wa dirisha, akaweka kidevu kiganjani, akatazama nani anaingia kule.

Kidole cha mwisho cha mkono huo na kile kinachokifuata vikaanza kufa ganzi. Kitambaa kikawa kinamponyoka. Gauni la bibi harusi alilishona, akalifumua, akalishona tena, na bado mshono ulipinda. Akimharibia bibi harusi, nani atamletea kazi tena?

Akamwambia mumewe kwamba wifi amemroga. Mume akacheka. Dada yake, alisema, hawezi kumroga hata nzi. Wifi alipokuja kumsaidia pindo, Fundi alimjibu kwamba hahitaji.

Siku moja muuguzi wa zahanati alifuata sare yake. Akaona mshono uliopinda na Fundi akikandakanda vidole, akauliza vina nini. Kisha akagonga kidogo nyuma ya kiwiko cha Fundi, upande wa ndani. Fundi akaruka kama aliyepigwa na umeme.

"Hapo unapita mshipa wa fahamu, shoga," alisema muuguzi. "Ndani yake mna mikia ya seli za neva. Seli inayohisi kwa kidole hiki, mwili wake uko shingoni, karibu na uti wa mgongo. Mkia wake unashuka mpaka nchani mwa kidole."

"Seli moja, urefu wote huo?"

"Moja. Na ni nyembamba kuliko uzi wako."

Akaeleza kwamba mikia mingi imevikwa ala ya mafuta, kama waya ulivyovikwa plastiki. Ukigusa kitu, habari hukimbia humo kama umeme. Mwisho wa mkia pana upenyo mdogo. Seli humwaga kemikali, seli ya pili huipokea, na hivyo habari hupokezanwa hadi ubongoni.

"Sasa wewe unaikandamiza neva juu ya saruji kutwa. Ala inachakaa, habari inakwama. Unatazama nini hapo?"

Fundi akajishughulisha na mkasi. Muuguzi akachungulia ng'ambo, akaelewa.

"Wivu ni wako. Lakini kiwiko usikitwike mzigo huo."

Alimkataza kuegemea, na kulala amekunja mkono. Ala hujijenga upya, alisema, ila polepole. Ganzi ikizidi, au kiganja kikikonda, aje zahanati upesi.

Fundi akageuza cherehani, akaipa barabara mgongo. Kwa shingo upande akamwita wifi amalizie gauni. Ganzi ikapungua taratibu, mpaka akausikia tena uzi kwenye ncha ya kidole.

Wivu? Nusu uliondoka.

Alasiri moja, akimsindikiza mteja mlangoni, alimwona wifi dirishani kwake, kidevu kiganjani, kiwiko juu ya ubao, macho huku. Fundi akavuka barabara.

"Toa kiwiko hapo, wifi. Tangu lini unatazama wateja wangu?"

Wifi akainamisha uso. "Tangu nilipofungua."

Fundi akavuta kiti, akaketi, akaanza kumweleza habari za neva.