Bi Pasi Hajastaafu

"Mama, huyo fundi amekushika mkono."

"Hajanishika. Mimi ndiye nimemshika."

Mwanawe alisimama mlangoni mwa ukumbi wa chakula, kofia ngumu kichwani, redio ya mkononi ikikoroma kiunoni. Ukumbi wenyewe ulikuwa umevuliwa kila kitu. Zulia limeng'olewa, taa zimeshushwa, nyaya zinaning'inia darini. Katikati ya vumbi hilo, juu ya rundo la mbao mpya, mama yake na seremala wa meli walikuwa wakinywa chai ya kikombe kimoja.

"Mama, mafundi wanapita hapa."

"Waache wapite. Kwani tumeziba njia?"

Seremala akakohoa kidogo. "Kijana, nilikusudia kuja kwako tuzungumze kiutu uzima."

"Mimi na wewe hatuna mazungumzo, Fundi. Una milango ya kurekebisha."

Mama huyo, melini wote walimwita Bi Pasi. Alikuwa mkuu wa idara ya kufua, mjane, mama wa watoto wawili wazima, mwanamke ambaye shuka lenye mkunjo lilimkosesha raha. Seremala walimwita Fundi Randa. Mkewe alimwacha zamani akiwa safarini, na hakubahatika kupata mtoto. Karakana yake na chumba cha kufulia vilitenganishwa na ukuta mmoja wa chuma, kule chini kabisa ya meli, na kwa miaka mingi wawili hao waliitana "jirani" basi. Mashine zilinguruma mchana kutwa. Kila walichoambiana, walikipigia kelele.

Kisha meli ikauzwa. Ilikuwa meli ya watalii iliyozeeka, na kampuni mpya ikaipandisha chelezoni, nje ya maji, kuifanyia ukarabati: vyumba vipya, rangi ya buluu badala ya ile nyeupe iliyochakaa, nembo mpya, hata jina jipya ubavuni. Umeme wa chini ukakatwa, mashine zikanyamaza. Hapo ndipo Bi Pasi na jirani yake walipozungumza kwa utulivu kwa mara ya kwanza, na kila mmoja akashangaa jinsi sauti ya mwenzake ilivyo nzuri.

Mwanawe wa kwanza ndiye aliyesimamia makandarasi wa ukarabati huo. Alikuwa ananyemelea kazi ya kudumu kwa wenye meli wapya, na hakutaka jina la mama yake litembee midomoni mwa wachomeleaji. Alimvuta pembeni, kwenye korido iliyojaa masinki mapya.

"Mama, una wajukuu."

"Ninao. Wazuri sana."

"Watu watasemaje?"

"Watasema hongera. Wakikosa adabu, watasema na mengine."

"Baba alipofariki ulisema hutaolewa tena. Nilikusikia kwa masikio yangu."

Hilo lilimgusa Bi Pasi.

"Ni kweli nilisema. Nilikuwa na huzuni, na siku ile ningesema lolote. Baba yako nilimpenda mpaka nikamfumba macho kwa mikono hii. Lakini nilimzika yeye, sikujizika mimi."

"Mimi na mke wangu tumeshapanga. Meli ikitoka, wewe unabaki nyumbani. Chumba chako kiko tayari. Mapacha watalelewa na bibi yao."

"Mmepanga na nani?"

"Mama, umechoka."

"Nani kakwambia? Kampuni imeniomba niendelee na idara yangu, na nimekubali. Kwako nitakuja kama mgeni. Nitakula, nitawabeba mapacha, nitaondoka. Yaya mtafute."

Akamwacha pale kati ya masinki.

Sasa, kwa kuwa chini hakukuwa na umeme, Bi Pasi aliacha simu yake kila asubuhi ofisini kwa mwanawe ichaji. Hakuwa na wasiwasi wowote. Ni mwanawe.

Siku moja akashuka na kikombe chake cha chai, akakuta karakana ya seremala ina kufuli. Kupitia kioo cha mlango aliona meza tupu. Hata msumeno wake hakuuona. Alipochukua simu na kupiga, namba haikupatikana.

"Umemwona Fundi?" alimuuliza mwanawe.

"Hujui? Ameomba kuhamia meli nyingine ya kampuni. Ameshaondoka na vifaa vyake." Kijana akaendelea kupekua ramani zake za vyumba. "Wanaume wa safari ndivyo walivyo, Mama. Nilijua tu."

Bi Pasi akashuka chini. Alirudi kwenye chumba chake cha kufulia, akakaa juu ya kreti katikati ya mashine baridi. Alikaa hivyo mpaka hasira ikaizidi huzuni, akaishika simu na kurekodi ujumbe wa sauti:

"Jirani, kama umeondoka, umeondoka. Lakini ungekuja uniambie. Sikukudhania mtu wa kukimbia kwa ngazi za nyuma. Mimi nimesema mbele ya mwanangu kwamba nakutaka, wewe umeshindwa hata kubisha hodi. Haya. Huko uliko, upate jirani kiziwi."

Kesho yake asubuhi alikuwa chumbani mle mle pamoja na mwanawe na mafundi wawili, wakipima nafasi ya mashine mpya. Mlango ukafunguliwa. Fundi Randa akaingia na begi lake la vifaa begani, jasho likimtoka.

"Nani amekimbia kwa ngazi za nyuma?" akauliza.

"Wewe," Bi Pasi akasema. "Kwani umerudi kufuata nini?"

"Nimekuja uniambie usoni. Kwa umri wangu siachwi kwa simu." Akatoa simu yake, akaisogeza mbali na macho, akasoma: "'Fundi, naomba usinitafute tena. Nimefikiria, watoto wangu kwanza. Ondoka kwa heshima.' Imetoka kwenye namba yako juzi."

"Mimi nimewahi kukuandikia?"

"Hata mstari mmoja. Tangu nikujue unatuma sauti tu. Ndiyo maana iliniuma. Nikasema, hata sauti yake sasa ameninyima. Nikazima simu. Leo nimeiwasha, nakukuta unanitukana."

"Na uhamisho ulioomba?"

"Uhamisho gani? Siku ile ile niliitwa ofisini nikaambiwa mgongo wangu ni mbovu, nafasi yangu amepewa mwingine. Nilifungasha kwa sababu nilifukuzwa."

Bi Pasi akamgeukia mwanawe taratibu.

"Juzi asubuhi simu yangu ilikuwa kwa nani?"

Mmoja wa mafundi alikunja futi yake, akamvuta mwenzake, wakatoka.

"Mama, niliuandika nikaufuta, lakini nilifanya kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu ungeniuliza mimi."

"Nikuulize lini?" Sauti ya kijana ikapasuka. "Utoto wangu wote ulikuwa safarini. Shangazi ndiye aliyetulea. Nilikuwa nakusubiri, unakuja, unakaa kidogo, unaondoka. Nikajiambia meli hii ikiuzwa, basi, sasa atakuwa wetu. Halafu nakukuta na huyu, unataka kuondoka tena, na safari hii si kwa sababu ya ada yetu. Ni kwa sababu unapenda."

Fundi Randa akaangalia sakafu. Bi Pasi akamsogelea mwanawe, akamfuta vumbi begani kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule.

"Hilo ungeniambia. Tungekaa tukalia pamoja, maana hata mimi naidai miaka ile. Lakini wewe umechukua kinywa changu ukamfukuzia mtu. Umemnyima kazi mzee wa watu. Hapo hatulii pamoja. Hapo utanifuata."

"Wapi?"

"Kwa meneja."

Meneja wa kampuni mpya alikuwa mama mmoja mwenye maneno machache. Walimkuta akichagua sare za wahudumu.

"Bi Pasi," alisema, "nasikia unapumzika. Mwanao amenieleza."

"Amekuonyesha sahihi yangu?"

"Hapana."

"Basi sipumziki. Na huyu uliyeambiwa mgongo mbovu ndiye huyu. Fundi, inama."

Fundi Randa akainama, akagusa viatu vyake, akainuka.

"Mgongo huo," akasema Bi Pasi.

Meneja akamtazama kijana. Kijana akavua kofia yake. "Niliongopa, Meneja. Yote mawili."

"Hayo tutayazungumza mimi na wewe." Akamgeukia seremala. "Mzee, pole. Lakini mwenzio ameshaanza kazi, na hana kosa. Siwezi kumtoa."

"Wala sitaki umtoe."

"Nafasi iliyobaki ni moja. Msaidizi kwenye idara ya kufua. Chini ya Bi Pasi."

Kijana akashindwa kujizuia. "Mwanamume mzima akakunje mashuka, na bosi wake awe mama yangu?"

"Nimenyoosha mbao tangu ujana," Fundi Randa akasema. "Mashuka hayana hata vifundo. Naichukua."

"Kuna jambo lingine," meneja akasema, na safari hii alitabasamu. "Nisije nikasikia maneno huko mbele. Chumba cha watu wawili tunawapa wanandoa tu."

"Tuandike wanandoa," akasema Bi Pasi. "Meli haitatoka kabla hatujafunga ndoa."

"Jirani, hujaniuliza."

"Nakuuliza sasa. Utanioa?"

"Nilipanga nikuulize mimi, siku ya kwanza ya safari, tukiwa juu kwenye upepo."

"Upepo tutaukuta huko. Jibu."

"Nitakuoa."

Habari zilizagaa meli nzima kabla ya chakula cha mchana. Kwenye kundi la simu la mafundi mmoja akaandika: "Bibi harusi ana wajukuu, bwana harusi ana miwani miwili." Vicheko vikafuata. Bi Pasi akatuma sauti: "Mnaocheka wote mmealikwa. Mje mmeoga."

Na bintiye, kitinda mimba anayefanya kazi mji mwingine, akamwandikia: "Mama, nimepata ruhusa kazini. Nakuja kusimama shahidi. Atakayekununia atanikuta mimi."

Ndoa ilifungwa kwenye ukumbi ule wa chakula. Zulia jipya lilikuwa limetandikwa, viti bado viko kwenye plastiki, harufu ya rangi inapanda puani. Msajili wa ndoa aliingia akiwa amevalishwa kofia ngumu, maana sheria ya chelezo ni ya wote. Wachomeleaji walikuja, na kweli wameoga. Bi Pasi alivaa gauni la rangi ya machungwa lililonyooshwa mpaka likasimama lenyewe. Mwanawe hakuonekana, na bintiye aliangalia mlango mara kwa mara.

"Kabla sijaendelea," msajili akasema, "kuna mwenye pingamizi?"

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mwanawe, na mkewe, na mapacha wamevaa nguo za kufanana. Kazi ya kudumu hakuipata. Meneja alikuwa ameamua mkataba wake uishe pamoja na ukarabati. Vichwa vyote vikamgeukia.

"Sina," akasema chini chini.

"Sema kwa nguvu," mama yake akamwambia. "Wa huku mbele hawajasikia."

"Sina pingamizi, Mama."

"Haya, Msajili. Endelea."

Sahihi zilipokwisha, kijana alimfuata mama yake akiwa na mtoto kila mkono.

"Sijui nianzeje kuomba msamaha."

"Anza na yeye. Mimi nilikusamehe ulipofungua huo mlango."

Akamgeukia Fundi Randa. "Mzee, nilikukosea. Nilikutoa kwenye kazi yako kwa uongo."

"Ulinikosea, na iliniuma," akasema Fundi Randa. "Lakini nimekusikia. Tukirudi, nikute umeniandalia chai."

"Nitaandaa." Kijana akamtazama mama yake kwa mara ya mwisho kama anayejaribu bahati. "Na hawa mapacha, Mama? Meli ikitoka, nani atakaa nao?"

"Kwani baba yao yuko wapi?"

Akawabusu wajukuu wote wawili hapo hapo mikononi mwa baba yao, akamwita mumewe, wakaenda kufungua muziki.