Sauti Kati ya Vyura

"Abee!" Sauti hiyo ilinaswa usiku, katikati ya msitu, na kinasa sauti ambacho rafiki yangu hukifunga mtini ili ahesabu vyura. Aliisikia asubuhi, ofisini: vyura wote walinyamaza, majani makavu yakachakarika, kisha mtoto akaitika.

Akamwita mkewe aliyekuwa akipanga mbegu chumba cha pili. "Mwenzangu, hebu sikiliza. Huenda masikio yangu yamechoka."

"Wewe na vyura wako!" Mkewe akacheka, akavaa spika za masikioni. Kicheko kikamkauka. Binti yao alipotelea msituni humo miaka miwili iliyopita, na tangu siku ile mama hakuwahi kulitamka jina lake.

"Anaitika," akanong'ona, "na hakuna aliyemwita."

Akairudisha sauti nyuma. Vyura wakanyamaza. Mtoto alipokuwa bado hajaitika, mama akaita:

"Kidoti!"