Saa Kumi ya Katibu

Nyumbani walimwita Katibu. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na hakuna jambo lililompita bila kuandikwa: nani ameosha vyombo, nani amekwepa zamu, mama amesema nini na baba amejibu nini. Hata likizoni ufukweni hakupumzika. Kila asubuhi alifagia mchanga mlangoni, kisha akakaa na daftari lake kusubiri watu wampe kazi.

Mama yake, fundi cherehani, alikuwa anajifunza kupiga mbizi akiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Siku ya mwisho alizamia mara mbili. Alipotoka majini mara ya pili, saa kumi jioni, mwalimu wake wa mbizi alitaka kumweleza habari za safari ya kurudi. Mama alikuwa anarukaruka kwa mguu mmoja ili maji yamtoke masikioni.

"Mwambie Katibu," alisema akicheka. "Mimi sasa hivi hata jina langu silisikii."

Mwalimu akamgeukia binti. "Haya, andika. Kwenu ni mlimani, sivyo? Basi msianze kupanda kabla ya saa kumi kesho. Kule chini maji yanamgandamiza mtu, na gesi ya hewa anayovuta inajificha mwilini. Inahitaji muda kutoka. Ukipanda juu upesi, ambako hewa ni nyepesi, inatoka kwa fujo kama soda iliyofunguliwa ghafla. Mtu anaumwa viungo, hata kupooza anaweza."

Katibu akaandika: Kupanda mlima, 10:00.

Sasa, baba yake alikuwa karani wa stesheni ya treni. Kwa mtu aliyesoma ratiba za treni miaka kumi na mitano, 10:00 ni saa nne asubuhi, hakuna mjadala. Saa kumi jioni kwake huandikwa 16:00. Wakati wa chakula akalivuta daftari, akasoma, akaridhika.

"Safi kabisa," alisema. "Tukiondoka saa moja, saa nne tuko chini ya mlima. Saa nane tumeshaingia nyumbani."

Katibu alifungua mdomo amsahihishe, kisha akaufunga. Kesho yake saa tisa alasiri kulikuwa na fainali ya mpira wa pete shuleni, na mfungaji wa timu alikuwa yeye. Alikuwa ameshakata tamaa ya kuicheza. Ni tofauti ya saa chache tu, alijiambia, na mama mwenyewe mzima kama chuma.

Asubuhi wakaondoka. Baba alipiga mluzi njia nzima ya tambarare. Katibu, akiwa kiti cha nyuma, alimwona mama akijisugua bega. Mama akaacha. Baada ya muda akalisugua tena.

"Linauma, mama?"

"Kidogo tu, mwanangu. Limekaza."

Mbele yao barabara ilianza kuinuka, na kibao kiliwataka madereva watumie gia ndogo. Aliwafikiria wenzake uwanjani wakimsubiri. Halafu akamfikiria mama mbele ya cherehani, miguu haikanyagi. Akashindwa kuvumilia.

"Baba, simama. Siyo saa nne. Mwalimu alisema saa kumi jioni. Niliandika vibaya, halafu nikaona umekosea, nikanyamaza kwa ajili ya fainali."

Baba hakufoka. Alisimamisha gari pembeni, akazima injini, akampigia simu mwalimu wa mbizi na kumweleza yote, bega likiwemo.

"Msipande hata hatua moja," mwalimu alisema, sauti ikijaa gari zima. "Wala msikae hapo kusubiri. Mpelekeni hospitali ya huko huko chini, mseme jana amezamia mara mbili."

Hospitalini daktari alimwekea mama oksijeni kwanza, ndipo akaanza kumkagua. Alimbonyeza viungo, akampima nguvu za mikono, akamtembeza kwenye mstari wa sakafu. Mwishowe alisema ule haukuwa ugonjwa wa mbizi. Mkanda wa mtungi ulikuwa umemchubua na kumkaza msuli. Hata hivyo leo asipande, alisema, alale pale pale wamwangalie mpaka asubuhi.

Fainali ilichezwa bila mfungaji. Jioni nahodha wa timu alipiga simu: wamefungwa kwa bao moja. Katibu alikaa kwenye benchi la ukumbini na kulia kwa uchungu na aibu. Baba akaja kukaa karibu naye.

"Kuandika vile ni kosa la kawaida," alisema. "Na mimi nilisoma kikarani, sikuuliza. Hilo tugawane. Lakini kunyamaza ni kwako peke yako."

"Nimekosa, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila nisikilize. Jana mezani, ukweli wako ulihitaji dakika mbili. Leo umehitaji hospitali. Tungefika juu mlimani, pengine hata ukweli huo usingemfaa mama yako tena. Afya ya mtu haingoji tumalize michezo yetu. Ukijua jambo la hatari, sema siku hiyo hiyo, hata kama litakukosesha unachokipenda."

Katibu akafuta machozi, akaingia wodini kumwomba mama radhi kwa mdomo wake mwenyewe. Mama alikuwa ameshajisogeza ukingoni mwa kitanda, amempisha akae.