Neno la Mlango Mmoja

Jumapili moja ya mwaka 1997, katikati ya msongamano wa soko la Kibuye, Adero alikuwa akijipimia gauni la manjano la mtumba mguu wake uliponaswa na waya wa buluu. Mwenye waya alipiga magoti kumnasua.

"Pole, dada. Nimekutega bila kukusudia."

"Kwetu Asembo tunatega samaki. Wewe unatega nini?"

"Kompyuta," akacheka.

Kesho yake kijana huyo, Joram, akaingia katika chuo ambako Adero alikuwa karani. Alikuja kuunganisha kompyuta sita. Nje ya dirisha ziwa lilikuwa limelala, na Adero akamsikiliza kama aliye ndotoni.

"Modemu hii inaongea na laini ya simu. Hii nyingine ni habu. Kompyuta moja ikisema neno, habu inalipeleka kwa zote."

"Mdomo mpana!"

"Kabisa. Swichi ndiyo ina adabu: inajua mlango wa kila mmoja, inampelekea mwenyewe tu. Lakini ni ghali."

"Na ile?"

"Ruta. Swichi inajua nyumba yake tu. Kutoka mtandao huu kwenda mwingine, lazima upite kwa ruta."

Kwa miezi minne, kila Jumamosi, waliketi ufukweni Dunga, gauni la manjano likipepea, wakitazama magugu yakipita majini kama visiwa vinavyohama.

"Nitakuoa, Adero."

"Basi fuata njia, Joram."

Lakini furaha ilimzidi Joram. Alipokwenda Asembo Bay kununua mbuta, aliwatangazia akina mama wa samaki: "Namwoa Adero, binti wa Mzee Opiyo!" Kabla ya jua kutua, Mzee alikuwa amelisikia neno hilo ufukweni, kati ya mizani na vicheko, wala hakuna jagam, mshenga, aliyekuwa amekanyaga boma lake. Akaapa kijana huyo hatamwoa binti yake.

Joram alipiga simu chuoni. "Mpenzi, nilifurahi tu."

"Wewe ni habu, Joram! Umemwaibisha baba yangu. Usinipigie tena."

Wiki tatu taa za habu zilimetameta mbele ya Adero, naye akajikuta akizitazama badala ya kupiga chapa.

Kisha simu ikalia. Alikuwa baba yake, akipiga kutoka posta.

"Adero, amekuja mama mmoja wa Kisian, Rosa. Shangazi yake yule mpiga kelele, ndiye jagam wake."

"Amesemaje, Baba?"

"Amesema na mimi peke yangu, kwa sauti ya chini. Hata mama yako, aliyekuwa jikoni, hakusikia."

"Nawe?"

Upepo wa ziwa ulivuma ndani ya laini.

"Nimempa kiti. Mwambie kijana aje. Polepole."

Adero akampigia Joram. Wenzake ofisini waliinua vichwa, masikio wazi. Akakikumbatia kipokezi, midomo ikikigusa, akasema neno moja.

Sasa, miaka mingi baada ya harusi yao, Joram amelala kaburini kwao Kisian, na gauni la manjano limepauka. Neno lile Adero hajamwambia mtu mwingine.