Baiskeli Chini ya Majani

Kila asubuhi ya msimu wa harusi, Shakila alichekecha unga wa hina kwa kitambaa chembamba, akaukoroga kwa chai na maji ya ndimu, kisha akaujaza ndani ya vijipembe vya nailoni vya kuchorea. Mama yake, Mwajuma, ndiye aliyewapamba mabibi harusi wengi wa mtaa wa Nyamugari, mjini Gitega. Shakila alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini majirani walishaanza kuusifu mkono wake.

Hina haifutiki. Mstari ukishagusa ngozi, umekaa. Kwa sababu hiyo Mama Mwajuma alimfundisha binti yake siri moja ya kazi: mkono ukiteleza, usishtuke, ligeuze kosa kuwa jani. Bibi harusi ataondoka akiamini kwamba jani lile lilipangwa tangu mwanzo. Shakila aliupenda ujanja huo kupita kiasi.

Likizo ya msimu huo alipata kazi yake mwenyewe. Mwalimu Emiliana, aliyekulia Tanzania na sasa akifundisha darasa la kwanza huko Giteranyi, mkoani Muyinga, alikuja Nyamugari harusini akaiona michoro yake. Alikuwa ameandika hadithi fupi ya kweli kwa wanafunzi wake. Ndani yake, Babu Kasiano anasukuma baiskeli iliyobeba ndizi, kilima kinamshinda, mtoto mmoja anakuja kumsaidia, kisha mwingine, mpaka watoto wote wa kijiji wanasukuma. Hadithi ilikosa picha tu.

"Wanafunzi wangu hawana hata kitabu kimoja chenye kilima chao," alimwambia Shakila. "Nikifungua shule bila hiki, watakodolea macho herufi za ubaoni mwaka mzima."

Shakila alikubali kabla mwalimu hajamaliza kusema. Tatizo lilikuwa muda. Bwana Rachid, mwenye mashine ya kuchapa, alitaka picha zote Ijumaa kabla ya sala ya adhuhuri. Baada ya hapo mashine yake ingeingia kwenye kadi za harusi, na harusi hazimngoji mtu.

Shakila akaanza kuchora kwa kalamu ya wino moja kwa moja. Penseli aliidharau, akisema ni ya watu wenye mashaka. Babu Kasiano alitoka vizuri, makunyanzi na yote. Baiskeli ndiyo iliyomtesa. Alikuwa ameziona baiskeli tangu azaliwe, ila hakuwahi kuitazama hata moja. Mnyororo aliuzungusha kwenye magurudumu yote mawili. Moyo ukamwambia arudie, naye hakutaka kurudia. Akateremsha jani la mgomba kutoka kwenye mzigo wa ndizi, likafunika mnyororo. Ukurasa wa pili kanyagio zilikataa kukaa sawa, akaongeza jani jingine. Kufikia ukurasa wa mwisho, baiskeli nzima ilikuwa imezama.

Jumatano akafika Jeska, msichana wa miaka kumi na miwili, mjukuu wa Babu Kasiano. Mwalimu Emiliana alikuwa shangazi yake, naye ndiye aliyemtuma kutoka Giteranyi akae kwa kina Shakila na kusaidia kupaka rangi. Alizigeuza kurasa moja moja, akakunja uso.

"Shakila, mbona watoto wanasukuma kichaka?"

"Kichaka gani? Hiyo ni kinga, hiyo baiskeli ya babu yako!"

Jeska akauinamia ukurasa wa kwanza, mahali ambapo mnyororo ulichungulia. "Mnyororo umeshika gurudumu la mbele na la nyuma. Baiskeli hii haiwezi kukata kona. Darasa la kwanza watacheka. Kwetu mtoto huijua baiskeli kabla hajajua kuvaa viatu."

Damu ilimchemka Shakila mpaka masikioni. "We iko mgeni hapa! Ulikuja kupaka rangi, paka rangi! Nani alikuuliza mambo ya mnyororo?"

"Nimesema nilichokiona."

"Basi usione!" Akazipokonya karatasi kwa nguvu, boksi la rangi la Jeska likapinduka, penseli za rangi zikatawanyika sakafuni hadi mlangoni. Wateja wa hina waliokuwa barazani wakageuza shingo. Jeska aliziokota zile zilizokuwa karibu, akatoka akaketi uani. Shakila akaubamiza mlango nyuma yake.

Alipaka rangi peke yake kwa penseli zilizobaki sakafuni, ameuma meno. Kijani ndiyo iliyoisha kwanza. Alhamisi asubuhi alizitia karatasi ndani ya bahasha akitaka kuzipeleka kwa Bwana Rachid zilivyo, na atakayecheka acheke. Lakini Husni, mdogo wake aliyekuwa anangoja kuanza darasa la kwanza, alimshika gauni.

"Dada, unisomee."

Shakila akalainika kidogo. Hapa angalau palikuwa na mtu wa kumsifu. Akasoma, "Babu Kasiano anasukuma baiskeli."

Husni akaweka kidole kwenye picha. "Iko wapi?"

"Hapa."

"Hapa iko majani." Akageuza ukurasa, akatafuta, akageuza tena. "Dada, baiskeli iko wapi?"

"We ni mjinga!" Shakila alifoka, na Husni akaangua kilio.

Mama Mwajuma aliingia mbio, vidole vimejaa hina. Aliifuta mikono, akachukua karatasi, akazitazama polepole. Uso wake ulibadilika.

"Hili jani nalijua," alisema. "Ni jani langu."

"Mama, Jeska iko na wivu tu, anataka..."

"Sikuulizi Jeska. Chini ya hili jani kuna nini?"

Shakila akanyoosha mkono azichukue karatasi.

"Nauliza, kuna nini?"

"Kosa."

"Na hapa?"

"Kosa." Machozi yalimtoka, na yalikuwa ya hasira zaidi kuliko ya majuto.

"Mi nafunika kwa sababu hina siwezi kufuta," mama alisema, naye sasa amekasirika kwelikweli. "We ulikuwa na penseli, ulikuwa na kifutio, ukaona uvivu. Halafu mtoto anakuuliza ukweli, unamwita mjinga! Bon, haya. Ijumaa haijafika. Nenda kwanza kwa huyo uliyemfukuza."

Shakila alitoka uani, alikoketi Jeska, akiwa bado anawaka. Ila hasira ile haikuwa na mtu mwingine wa kumwangukia. Ilimrudia mwenyewe.

"Jeska, nilikosea. Unisamehe. Unionyeshe."

Jeska hakuwa na haraka ya kumsamehe. "Ulinitukana mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Na rangi zangu ukazimwaga."

"Ndiyo. Zingine ziko chini ya kabati, nitazitoa."

Jeska akainuka. Kisha akaenda kuomba baiskeli ya jirani, Mzee Uthmani, akaipindua magurudumu juu. "Weka kidole hapa. Fuata mnyororo."

Shakila akafuata kwa kidole, grisi ikampaka mkono mzima. Akashika penseli na karatasi mpya. Alichora, akafuta, akachora, akafuta mpaka karatasi moja ikatoboka, akaitupa huku akiilaani. Kila mara mkono ulipoteleza, jani lilimtamanisha. Kila mara Jeska alikohoa, na kifutio kikashuka tena. Alichora, Jeska akapaka rangi, Husni akachonga penseli.

Ijumaa walimkuta Bwana Rachid ameshavaa kofia ya kwenda msikitini. "Mngechelewa kidogo tu, mngekuta kadi za harusi," aliguna, akapokea bahasha.

Wiki ya kufungua shule, Shakila na mama yake walipanda basi hadi Muyinga, wakaendelea hadi Giteranyi. Darasani kila watoto wawili walishika kitabu kimoja. Babu Kasiano mwenyewe aliketi mbele, amevaa koti. Walisoma kwa sauti, na hakuna aliyeuliza baiskeli iko wapi.

Kisha kasichana kamoja, Paskazia, kakanyoosha mkono. "Mwalimu, mnyororo wa babu umelegea. Utatoka pale kwenye kona!"

Damu ilimpanda Shakila tena. Akafungua kinywa, akatazama picha, akakifunga. Kweli tupu. Mnyororo wa Mzee Uthmani ulikuwa umelegea, naye aliuchora ulivyo.

"Mnyororo wangu haujalegea tangu nitoke Tanzania!" Babu Kasiano alilalamika, na darasa zima likaangua kicheko. Shakila alikuwa wa mwisho kucheka, lakini alicheka.

Mama Mwajuma akamwinamia. "Umeona, mwanangu? Kosa likiwa wazi, hata mtoto mdogo anaweza kukusaidia kulirekebisha. Ungelifunika, wangebaki kutafuta baiskeli ndani ya majani. Mficha maradhi, kifo humfichua. Kufuta siyo aibu. Aibu ni kufunika, na kumfokea anayefunua."

Shakila akatoa penseli na kifutio mfukoni.

"Paskazia," aliita, "njoo unionyeshe ungeukaza vipi."