Ruta ya Pili Chumbani kwa Babu

Mimi asubuhi nikishakunywa chai nakaa kibarazani namenya ndizi. Tangu goti linisumbue nikahama Muleba, nikaja hapa Miembeni kwa mwanangu, kazi yangu ndiyo hiyo. Mjukuu wangu Kokwijuka, wa darasa la sita, ananiletea sufuria na kunitania. "Babu, leo unamenya au unachonga?" Ilikuwa likizo ya Juni.

Sasa, nyumba kubwa ina intaneti. Fundi Mustapha ndiye aliyefunga kile kisanduku chenye taa, wanakiita ruta. Chumba changu kiko nyuma, ng'ambo ya kibanja, shamba letu la migomba, na huko ilikuwa haifiki. Kokwijuka akapata ruta kuukuu kwa rafiki yake Nuriat. Akasema tuvute waya, nitamwona dada yangu Agnetha wa Muleba usoni kabisa. Mimi kusikia hivyo, goti likapona. Nikashika jembe mwenyewe, nikafukia waya chini ya migomba. Tukakubaliana tusimwambie mtu kwanza. Jumanne jioni ikawaka.

Jumatano asubuhi nyumba kubwa ikaharibika. Taa za ruta zinawaka, simu inaonyesha waifai imejaa, lakini hakifunguki kitu. Na mkwe wangu Klaudia, mama yake Kokwijuka, alikuwa na usaili wa kazi ya uuguzi saa nane mchana, kwa kompyuta. Kazi hiyo kaitafuta miaka miwili. Bando la simu huku bondeni kwetu halina nguvu, picha inaganda.

Mustapha akaitwa. Klaudia akamsema sana, kwamba kazi yake ni ya kulipua na majirani wote watajua. Mustapha akainama kukagua nyaya. Akauona waya wa pili kwenye ruta, akauliza unakwenda wapi.

"Wa televisheni," Kokwijuka akasema, anatazama miguu yake.

Mimi nikatazama ndizi. Mtu mzima wa miaka sabini na mbili, nikatazama ndizi.

Ikafika saa saba na nusu. Mustapha akaanza kuibandua ruta ukutani, akasema labda imekufa, aende dukani atafute nyingine. Mpaka arudi, saa nane itakuwa imeshapita. Klaudia akakaa kwenye kiti na gauni lake la pasi. Hakulia. Afadhali angelia.

Kokwijuka akanitazama, kisha akamwendea.

"Mama, nimedanganya. Ule waya unakwenda kwa babu. Nimefunga ruta nyingine kule."

"Na waya nimefukia mimi," nikasema.

Mustapha akairudisha ruta ukutani, akakimbilia chumbani kwangu. Alitueleza huku mikono inafanya kazi: kila simu inapewa namba na ruta, na sasa ruta mbili zote zinagawa namba, tena zenyewe zina anwani moja, kwa hiyo simu hazijui zifuate ipi. Hapo nikaelewa. Kwenye harusi zetu mgawa nyama ni mmoja. Wakigawa wawili bila kuambiana, hawa wanapata mara mbili na wale wanarudi nyumbani na njaa.

Ile kuukuu hakuitupa. Aliizuia kugawa namba, akaipa anwani yake, akaiacha ipitishe intaneti tu.

Klaudia aliingia kwenye usaili saa nane na dakika kumi na mbili. Wakamuuliza kwa nini amechelewa, akawaambia yote, mpaka jembe langu. Wakamsikiliza. Mwezi wa nane akaanza kazi. Lakini siku ileile, kabla Mustapha hajawasha pikipiki, Klaudia alimwomba radhi mbele yetu sote.

Jioni nikamwita Kokwijuka. "Mwana wange, kufunga ruta si kosa, ulikuwa unajifunza. Kosa letu ni kunyamaza huku Mustapha anasemwa kwa kitu ambacho hakukifanya."

Na ninyi wajukuu zangu mnaosoma hapa, mkigusa kitu kikaharibika, semeni palepale. Msisubiri mkubwa aanze kusema, maana naye anaweza kuwa anatazama ndizi.