Picha Iliyougua kwa Kandili

"Bi Umulkheir, nimekuja kulisikia jibu la posa kwa masikio yangu."

"Jibu ni la. Shika ndia urudi Mombasa ukajitibu kifua."

Mlango wa nyumba ile ya mtaa wa Mkomani haukufunguka. Shekhan alibaki nje, kwenye baraza ya daka, ukumbi mdogo wa mlangoni. Mwanaarabu, aliyesimama kizani nyuma ya Bi Umulkheir, shangazi yake, alisogeza sikio mlangoni. Sauti ile hakuwa ameisikia tangu Shekhan alipokwenda Mombasa kufanya kazi kwa mpiga picha.

"Kifua gani, Bi? Mimi mzima."

"Picha yako imesema. Macho yamezama, mashavu hayapo, rangi manjano. Hata mume wa Umi alisema mzima. Hina haijafutika mikononi mwa Umi, tukamzika mumewe."

Umi alikuwa dada yake Mwanaarabu. Tangu msiba ule, Bi Umulkheir aliapa kuwa haozi binti mwingine kabla hajamkagua mume, ndipo akaagiza picha. Ilipofika waliitazama ndani kabisa, katika chumba kisicho na dirisha, kwa mwanga wa kandili. Picha ya mwanamume haitolewi kiwandani, ule ua wazi wa katikati ya nyumba, majirani wa ghorofani wakaiona. Mwanaarabu aliitazama mara moja, akalia hadi mto ukarowa.

"Basi fungua unitazame mwenyewe, Bi."

"Uso mtu huupaka mafuta ukang'ara. Picha haisemi uongo."

Hapo Mwanaarabu akafanya jambo asilolifanya mwari yeyote wa nyumba ile. Akasema na mwanamume mlangoni.

"Shekhan, ulinificha?"

"Mwanaarabu?" Sauti ya nje ilishuka. "Wallahi sikukuficha kitu. Picha mliitazama wapi?"

"Ndani."

"Kwa kandili?"

"Ulitaka tuitazame kwa nini, kwa kimulimuli?" shangazi akadakia.

Shekhan akashusha pumzi. "Basi kosa ni langu. Niliisafisha mwenyewe kwa dawa, nikaipima chini ya taa ya umeme, kali. Kwa taa ile ilikuwa nzuri. Karatasi haina nuru yake, Bi, huazima. Ikiazima kwa kandili, vivuli humeza macho, na weupe wake hugeuka manjano. Nilisahau nyumba zetu zilivyo. Itoeni kiwandani."

"Na majirani?"

"Wacha waone, shangazi," alisema Mwanaarabu. "Afadhali wanicheke kuliko nimkose."

Alikwenda ndani akaichukua, akasimama nayo kiwandani, jua la adhuhuri likimwagika juu ya kuta za chokaa. Macho yakatoka kizani. Mashavu yakajaa. Kanzu ikawa nyeupe, na juu ya nyusi likaonekana kovu alilolipata Shekhan utotoni, siku alipoanguka mtini akimchumia yeye kungu. Mwanaarabu akahema kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Shangazi akaipokonya. "Umeibadilisha."

Akaingia nayo ndani: mgonjwa. Akatoka: mzima. Akaingia tena.

"Bi, mbona kimya?" Shekhan aliuliza.

"Ngoja. Unaugua na kupona."

Mwanaarabu alijiziba mdomo kwa leso asicheke. Lakini shangazi alipotoka safari hii, alimrudishia ile ya Shekhan, mkononi akabaki na picha nyingine, kuukuu, ya marehemu mumewe, Bwana Ridhwani. Ilikaa sandukuni miaka mingi, haijapata kuona jua.

"Asubuhi ile tulikosana," alisema polepole. "Akaenda kupigwa picha amenuna."

Akaiinua kwenye mwanga. Pembe za mdomo wa marehemu zilikuwa zimepanda, na macho yamefinyika. Bi Umulkheir akaketi kwenye kidato cha ngazi.

"Alikuwa akicheka," alisema. "Miaka yote nikidhani alininunia."

Akaipangusa vumbi kwa ncha ya leso. Kisha akajifuta uso, akauendea mlango, akaliondoa komeo.

"Shekhan."

"Naam, Bi."

"Mwambie babako aje Ijumaa baada ya sala. Na wewe mwari, ingia ndani, nafungua."

Mwanaarabu aliingia. Picha ya Shekhan aliiacha kiwandani, ameiegemeza ukutani juani, wa ghorofani wakitaka waone.